Mpwa wako anaposoma Torati: adabu za mgeni ndani ya sinagogi

Kabla ya mengine yote, tuondoe kisu. Ndugu wakisikia kwamba mtoto wa dada yao aliyeolewa na Myahudi huko Marekani ametimiza miaka 13 na anafanyiwa bar mitzva, sherehe ya kuingia utu uzima, wengi hufikiria jando. Siyo. Mvulana wa Kiyahudi hutahiriwa akiwa na siku 8, kwa hiyo hilo lilikwisha zamani. Bar mitzva haina ngariba, haina kungwi wala nyimbo za kufunda. Mfano wa karibu zaidi kwa watu wa pwani ni mtoto anayehitimu msahafu na kusoma mbele ya jamaa. Tofauti ni kwamba huyu husoma sehemu ya wiki hiyo tu, na huisoma ndani ya ibada yenyewe.

Wakatoliki nao hukimbilia kulinganisha na kipaimara, lakini kule askofu humpaka mtoto mafuta na kumpa kitu. Hapa mtoto hapewi kitu na mtu yeyote. Bar mitzva maana yake ni mwana wa amri. Bat mitzva ni binti wa amri. Siku mvulana anapofika miaka 13 kwa kalenda ya Kiyahudi, tayari ni bar mitzva, hata kama ameshinda kitandani na homa. Msichana huwa na miaka 12 kwa Waothodoksi, yaani Wayahudi washika mapokeo zaidi, na 12 au 13 kwingineko. Tangu siku hiyo amri zinamhusu yeye mwenyewe, si baba yake. Kinachofanyika sinagogi ni kumwona kwa mara ya kwanza akitenda hadharani lile ambalo mtu mzima huruhusiwa kutenda. Kwa wasichana jambo hili ni la juzijuzi: Judith Kaplan alisoma mbele ya watu New York mwezi wa Machi 1922, tena katika kitabu cha kuchapwa, si katika gombo la Torati.

Ukipata mwaliko, tafuta jina la sinagogi ujue ni ya mkondo gani: Waothodoksi, Wakonsevativu walio katikati, au Wareformu waliolegeza zaidi. Hilo peke yake hujibu nusu ya maswali. Kwa Waothodoksi wanaume na wanawake hukaa mbalimbali, katikati pana pazia au kizuizi, ibada karibu yote ni Kiebrania, na simu haitoki mfukoni. Msichana wao kwa kawaida hasomi gombo mbele ya wanaume; hutoa hotuba, mara nyingi kwenye chakula au siku ya Jumapili. Kwa Wakonsevativu mnakaa pamoja, lakini ibada ni ndefu na katazo la simu na picha liko palepale. Kwa Wareformu kuna Kiingereza kingi, pengine gitaa, na mambo huisha kwa saa moja na nusu au mbili. Kwingine andaa saa mbili na nusu hadi tatu na zaidi.

Kwa ndugu wa upande wa mama, mkondo una uzito mwingine. Waothodoksi na Wakonsevativu huhesabu Uyahudi kupitia mama. Kama mama ni Mchaga au Mluo ambaye hakubadili dini, mtoto huyo alihitaji kuongolewa, na sehemu ya kuongolewa ni kuzamishwa katika mikve, bwawa la ibada. Wareformu wa Marekani, tangu 1983, humtambua pia mtoto wa baba Myahudi aliyelelewa Kiyahudi. Yote haya yalishaamuliwa nyumbani na mbele ya rabi kabla kadi haijachapwa. Swali la mezani la "kwani mama yake si Mlutheri?" huwaumiza watu wazima wawili na mtoto mmoja kwa pumzi moja.

Hapo ndipo linapokuja suala la babu, bibi na shangazi waliosafiri kutoka mbali wakitaka kushiriki. Heshima kubwa ya asubuhi ile ni aliya, yaani kuitwa mbele kwenye gombo na kusema baraka. Maneno ya baraka hiyo humshukuru Mungu "aliyetuchagua" na "kutupa Torati yake". Asiye Myahudi akiyasema anasema lisilomhusu, na hiyo ndiyo sababu haitwi, si dharau. Sinagogi nyingi za Reformu humpa mgeni nafasi nyingine: kufungua pazia la sanduku la magombo, kusoma dua ya amani au ya kuombea nchi kwa Kiingereza, au kusimama kwenye mstari ambao gombo hupokezwa kutoka kwa babu na bibi hadi wazazi hadi mtoto. Kila rabi ana mpaka wake, kwa hiyo wazazi wamuulize miezi kadhaa kabla. Linaloharibika ni kufika asubuhi hiyohiyo na kuomba kipaza sauti utoe neno la baraka kwa niaba ya ukoo. Neno la ukoo lina mahali pake, kwenye karamu ya jioni.

(Wasomaji wa Uganda hawana haja ya ndege ili kuona Sabato. Abayudaya wa karibu na Mbale, jamii ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, husali kwa Kiebrania na Kiluganda, na rabi wao Gershom Sizomu alihitimu urabi Marekani mwaka 2008. Nairobi nako kuna sinagogi katikati ya jiji.)

Tarehe haisogezwi. Torati imegawanywa katika sehemu 54 zinazosomwa kwa zamu mwaka mzima, na mtoto amefundishwa sehemu ya wiki ile kwa miezi sita hadi mwaka. Ukimwambia dada asogeze mbele wiki moja kwa sababu ya bei ya tiketi, unamwomba mtoto aanze upya. Sinagogi kubwa za Marekani hugawa tarehe miaka miwili au mitatu kabla, kwa hiyo uliza mapema, ukiwa bado una muda wa viza.

Mwaliko wenyewe husomwa kwa makini kuliko kadi zetu za harusi. Walioalikwa ni wale ambao majina yao yameandikwa kwenye bahasha. Kama limeandikwa jina lako na la mkeo, watoto hawamo, na binamu anayeishi mji wa jirani hamo pia. Ukumbi hulipiwa kwa kichwa, na viti vimepangwa kwa majina. Jibu kabla ya tarehe iliyotajwa, hata kama jibu ni hapana. Kukaa kimya na kutokea siku yenyewe, jambo ambalo kwetu lingeitwa upendo, huko humtoa mpishi jasho.

Mavazi: suti au shati la heshima kwa mwanamume, na kichwa kifunikwe. Mlangoni pana kikapu cha kofia ndogo, kipa, chukua moja. Si kukiri imani, ni adabu ya nyumba, kama kuvua viatu msikitini. Kofia yoyote inayofunika kichwa hufaa, hivyo kofia ya viua ya Lamu au Unguja haina kosa. Shali nyeupe yenye nyuzi pembeni, taliti, ni jambo jingine. Hiyo ni ya Wayahudi wenyewe, na ukiiona imetundikwa karibu na mlango iache ilipo. Mwanamke anayekwenda kwa Waothodoksi avae sketi au gauni linalopita magoti, mikono ifike kwenye viwiko, suruali ibaki hotelini. Gauni la kitenge linapendeza popote. Msalaba shingoni uingie ndani ya nguo.

Mlangoni utakuta mlinzi, mara nyingi mwenye silaha. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mmoja aliwaua waumini 11 sinagogi huko Pittsburgh asubuhi ya Sabato, na tangu hapo ulinzi umeongezeka kila mahali. Mwambie mwenyeji apeleke majina yenu kamili ofisini mapema, mbebe kitambulisho chenye picha, na mabegi makubwa yabaki. Mlinzi akikuuliza umekuja kwa nani, taja jina la mtoto. Ulaya ukaguzi huwa mkali zaidi, na usiyeandikishwa unaweza kurudishwa.

Sasa Sabato, ambayo huanza Ijumaa jua linapotua na kuisha Jumamosi nyota zikionekana. Makosa mengi ya wageni hutokana na vitu vitatu vidogo: simu, kalamu na bahasha. Simu kwa sababu kuwasha na kuzima umeme ni kazi iliyokatazwa. Kalamu kwa sababu kuandika ni kazi. Bahasha kwa sababu fedha haishikwi siku hiyo. Wewe hufungwi na amri hizo, lakini ukimkabidhi baba wa mtoto bahasha ya hundi mbele ya sanduku takatifu umemlazimisha akukatalie mbele za watu. Kwa picha, familia nyingi hupiga siku moja mbili kabla, gombo likiwa mezani na mtoto amevaa suti ileile. Ndizo picha utakazoziona baadaye. Kama sherehe ni Jumatatu au Alhamisi, ambazo nazo ni siku za kusoma Torati, kamera huruhusiwa, na mvulana utamwona na visanduku vyeusi vya ngozi kwenye mkono na paji la uso. Siku ya Sabato havivaliwi. Ukienda kwa Waothodoksi kwa gari siku ya Sabato, liegeshe mtaa wa pili, si mlangoni, maana wao hawaendeshi siku hiyo.

Kitabu cha sala hufunguliwa kutoka kulia, jambo ambalo halitamsumbua aliyepita madrasa. Ukurasa unaoukabili huwa na Kiingereza, na namba za kurasa hutangazwa. Kanuni ya mgeni ni moja: wakisimama simama, wakikaa kaa. Husimamwa sanduku likiwa wazi, gombo likiwa linatembezwa, na wakati wa Amida, sala ya kusimama ambayo watu huisoma kimoyomoyo miguu ikiwa pamoja. Wakati huo usitembee, usipite mbele ya mtu, na ukichelewa ukazuiwa mlangoni usione umedhalilishwa. Subiri dakika chache. Utaona watu wakirudi nyuma hatua tatu, wakiinama, wakijiinua kwa vidole vya miguu. Wewe simama tu wima. Kuna mahali pamoja kanuni inageuka: Kadishi, sala ya wafiwa, karibu na mwisho. Katika sinagogi nyingi za kimapokeo husimama waliofiwa peke yao. Tazama kwanza, usinyanyuke kwa mazoea ukajitangazia msiba.

Gombo likitolewa huzungushwa ukumbini. Geuka kulielekea linavyopita, usilipe mgongo. Wenyeji huligusa kwa ncha ya shali au kwa kitabu kisha hubusu ncha hiyo. Wewe huna haja.

Hapa ndipo kazi ya mtoto inapoonekana, na inafaa ujue ugumu wake ili usije ukadhani anasoma tu. Gombo ni ngozi iliyoandikwa kwa mkono, herufi 304,805, bila irabu hata moja, bila vituo, bila alama za mahadhi. Aliyesoma Kiarabu afikirie msahafu usio na fataha wala kasra, kisha aambiwe asome kwa sauti, kwa mahadhi ya tajwidi, mbele ya watu 200. Mtoto amejifunza kwa kitabu chenye safu mbili, moja ina alama zote na nyingine ni tupu kama gombo, akirudia mpaka safu tupu ikamtosha. Anafuatisha mstari kwa kijiti cha fedha chenye umbo la mkono mdogo, kwa sababu ngozi haiguswi kwa vidole. Kando yake husimama watu wazima wakifuata kwenye kitabu. Akikosea neno likabadilika maana, watamrekebisha papo hapo kwa sauti, na atalirudia. Usishtuke wala usimwonee huruma usoni. Si kuaibishwa, ni sheria ya usomaji, na hata mzee wa miaka 70 hurekebishwa vivyo hivyo.

Siku ya Sabato huitwa watu saba, kisha wa mwisho anayeitwa maftiri, ambaye mara nyingi ndiye mtoto. Wa kwanza huwa kuhani na wa pili Mlawi. Hao ni watu wa nasaba, si vyeo. Kuhani anaweza kuwa daktari wa meno. Baada ya kusoma, mtu mmoja hulinyanyua gombo likiwa wazi, angalau safu tatu zionekane, na kuligeuza huku na huku. Lina kilo 10 hadi 15 au zaidi. Kama ni msimu wa Mwanzo, karibu uzito wote uko kwenye mti wa mkono wa kushoto, na utaona ukumbi mzima umeshika pumzi. Likianguka ni msiba, na kuna desturi ya waliokuwepo kufunga.

Kisha mtoto huimba haftara, sehemu ya manabii, kwa mahadhi tofauti na yale ya Torati. Kama umepewa kifuko cha pipi mlangoni, kazi yake ni sasa. Subiri amalize baraka za mwisho za haftara, si aya ya mwisho, maana baraka huja baada yake. Rusha kwa mkono wa chini, taratibu, ukilenga miguu. Pipi huwa laini kwa makusudi. Ngumu huvunja miwani. Usijilimbikizie mkononi ukazirusha zote kwa mpigo, na waachie watoto wadogo wakimbilie kuziokota.

Mkipenda vigelegele, sikilizeni kwanza. Wayahudi waliotoka Moroko, Iraki na Yemen hupiga vigelegele hasa, na shangazi wa Tanga atajisikia nyumbani. Wale wenye asili ya Ulaya Mashariki huimba "siman tov umazal tov" kwa kupiga meza. Baada ya hotuba ya mtoto usianzishe makofi katika sinagogi ya kimapokeo. Mpe mkono akishuka, umwambie "yasher koah", nguvu zako ziwe thabiti. "Mazal tov", hongera, hufaa kwa wazazi, na "Shabat shalom", Sabato ya amani, kwa kila mtu. Kwa Waothodoksi usimnyooshee mkono mtu wa jinsia nyingine kwanza, na watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sababu.

Hotuba hiyo ndiyo sehemu ya mgeni. Ni kwa Kiingereza, dakika 5 hadi 10, mtoto anaeleza sehemu aliyosoma na kubishana nayo. Kubishana kunaruhusiwa, na hotuba nzuri huwa na ubishi. Baba naye, kwa Waothodoksi, husema baraka fupi ambayo tafsiri yake hushtua: ahimidiwe aliyeniondolea adhabu ya huyu. Watu hucheka, lakini ni baraka ya kweli. Kuanzia leo mwenye dhambi ni kijana mwenyewe.

Baada ya ibada kuna kidushi, baraka ya divai pamoja na vitafunio au chakula. Usinywe wala kutafuna chochote mpaka baraka ya divai isemwe. Sharubati ya zabibu huwepo pia, kwa Mwislamu na kwa mtoto. Kama ni chakula kamili utaona foleni kwenye beseni: wanamimina maji kwa kikombe chenye mishikio miwili, mara mbili au tatu kila mkono. Kuanzia hapo mpaka waonje mkate hawazungumzi. Ukimsalimu mjomba wake baba akakutikisia kichwa tu, hajakununia.

Usipeleke chakula. Mandazi yako ni mazuri, lakini jiko lako si la kosha, na sahani hiyo italeta mashaka jikoni kwao. Kosha haina nguruwe, haina kamba wala kaa, na nyama haichanganyiki na maziwa. Kwa hiyo kama mezani kuna nyama au cholenti, ule mchuzi mzito wa maharage, shayiri na viazi uliokaa motoni tangu Ijumaa, usiombe maziwa ya chai. Hayapo. Siku ya samaki, jibini na mikate ya duara, maziwa yapo na nyama ndiyo haipo. Chai ya rangi ni salama siku zote.

Zawadi: fedha, kwa mafungu ya 18. Herufi za Kiebrania zina thamani ya namba, kama abjadi ya Kiarabu, na neno "hai", uhai, ni 8 na 10. Hivyo dola 36, 54, 108, 180. Rafiki wa mbali hutosha na 54, mjomba wa damu huanzia 180 kama uwezo upo, na mwanafunzi aliyejikongoja kutoka jimbo jingine akitoa 36 hakuna atakayemcheka. Hundi iandikwe kwa jina rasmi la mtoto, si jina la utani la nyumbani, ama benki itaikataa. Ndani ya kadi andika jina lako kamili na anwani, maana mtoto analazimika kukuandikia shukrani kwa mkono. Itume kwa posta wiki ile, au itie kwenye sanduku la kadi katika karamu. Taliti usinunue bila kuuliza. Mara nyingi babu alishaiagiza.

Karamu huwa Jumamosi usiku nyota zikishatoka, au Jumapili. Familia nyingi za Marekani huwasha mishumaa 13 kwenye keki, na kila mshumaa una kundi la ndugu linaloitwa kwa shairi fupi. Hilo si la dini, kwa hiyo hapo ndugu wa mama huitwa kama wengine. Ukisikia jina lenu nendeni upesi, simameni nyuma ya mtoto, mwacheni ashike kiberiti yeye.

Halafu hora, ngoma ya duara. Mnashikana mikono, duara linazunguka, wazoefu hukaa duara la ndani na wageni la nje. Fuata miguu ya aliye mbele yako. Kiti kikiletwa kwa ajili ya mtoto, kisiwe cha kukunja wala cha magurudumu. Wabebaji wawe wanne wa urefu unaokaribiana, washike miguu ya kiti chini kabisa, wanyanyue kwa hesabu moja, na wa mbele wainue juu kidogo kuliko wa nyuma ili mtoto aegemee badala ya kuteleza. Ajali hutokea kwenye kushusha, wa nyuma wakiachia kabla ya wa mbele. Mwambieni mtoto ashike kingo za kiti kwa mikono yote miwili. Baada yake atanyanyuliwa mama, na hapo ndugu zake wa kiume mnatarajiwa kuwa karibu.